Mziki unapogoma: kusaka chanzo kuanzia kwenye jenereta hadi kwenye malipo

Ukikodisha vyombo vya muziki mikoani, lawama zote huishia sehemu mbili: kwenye spika na kwa kijana aliyekaa nyuma ya miksa. Sauti ikikwaruza, spika mbovu. Maiki ikipiga mluzi, fundi hajui kazi. Mwenye kampuni naye akisikia hivyo mara kadhaa anaanza kuota spika mpya kutoka Dar es Salaam, anakopa, ananunua, na wiki inayofuata mkwaruzo uko palepale.

Tatizo husikika kwenye spika kwa sababu hakuna mahali pengine pa kusikikia. Chanzo chake mara nyingi kiko nyuma zaidi: kwenye umeme, kwenye waya, kwenye mahali maiki iliposimama, au kwenye makubaliano mliyofanya na promota wiki mbili kabla. Haya ninayoandika yanatokana na kazi za Kanda ya Ziwa, harusi za Mwanza, mikutano ya injili Kahama, shoo za Bongo Fleva Geita na Bukoba, lakini waya ni waya hata uwe Tanga.

Njia ya kusaka ni moja tu. Sauti inasafiri kutoka kwa mwimbaji hadi kwa msikilizaji kwa mstari: maiki, waya, stejiboksi (boksi la jukwaani linalokusanya waya za maiki), miksa, prosesa (kifaa cha kupanga sauti baada ya miksa), amplifaya, spika. Ukate mstari huo katikati. Shusha feda kuu ya miksa, kile kitelezi cha sauti yote. Tatizo likiendelea, liko baada ya miksa. Likinyamaza, liko kabla yake. Nusu ya mashaka yako imeshaondoka kwa sekunde tatu. Kisha ukate tena nusu iliyobaki. Na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha waya, chaneli na maiki kwa mpigo akifanikiwa hajui kilichopona ni kipi, na ule waya mbovu unarudi kwenye boksi pamoja na wazima.

Zana zisizokosa mfukoni ni mita ya umeme, kipima waya, maiki moja unayoiamini na waya mmoja unaouamini. Hivyo viwili vya mwisho visiazimwe mtu.

Kunavuma "mmmm" hata kama hakuna anayeimba

Usikilize kwanza ni mvumo wa aina gani. Mvumo mzito wa chini ni umeme wa 50 Hz unaoingia kwenye sauti, na chanzo chake cha kawaida ni vifaa vilivyounganishwa kwenye ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) mbili tofauti. Mvumo mkali wenye kuwashawasha kama nyuki mara nyingi unatoka kwenye taa za jukwaani, hasa zile zinazopunguzwa mwanga, waya wake ukiwa umelala pamoja na waya wa maiki.

Kwenye kumbi zetu hali ya kawaida ni hii: jukwaa linatumia jenereta, miksa iko mwisho wa ukumbi imechomekwa kwenye soketi ya ukutani kwa sababu ilikuwa karibu. Ethi ya jenereta na ethi ya jengo hazina volti sawa, na tofauti hiyo inasafiri ndani ya waya wa sauti unaounganisha pande mbili. Dawa yake ni kuvuta umeme wa miksa kutoka jukwaani, kwenye boksi lilelile linalolisha amplifaya. Inakera kuvuta waya wa mita hamsini kupita chini ya mazulia ya harusi, lakini inaokoa usiku mzima.

Mshukiwa wa pili ni kompyuta ya DJ. Chomoa chaja yake. Mvumo ukikata, umeshampata. Weka DI (kijisanduku cha kuunganishia chombo na miksa) yenye transfoma kati ya kompyuta na miksa, ukate ethi ya upande wa sauti kwa ile swichi ndogo, kisha umrudishie chaja.

Kuna dawa ya tatu ambayo mafundi wengi wanaijua na ambayo hairuhusiwi kabisa: kukata ethi ya umeme wenyewe, ama kwa adapta ya pini mbili, ama kwa kufungua plagi na kuuacha waya wa kijani ukining'inia. Mvumo unakata kweli. Halafu mpiga gitaa anashika nyuzi kwa mkono mmoja, anasogeza midomo kwenye maiki, na umeme unapita kifuani mwake. Kabla ya bendi kupanda, chukua mita, iweke kwenye volti za AC, ncha moja iguse nyuzi za gitaa na nyingine iguse wavu wa maiki. Isome karibu na sifuri. Ikisoma makumi ya volti, hakuna anayepanda jukwaani hadi ujue kwa nini, hata kama promota anapiga kelele kwamba watu wamejaa.

Taa zinafifia kila besi ikipiga, vifaa vinazima na kuwaka

Hapa wengi wanalaumu jenereta, na wakati mwingine ni kweli. Lakini pima sehemu mbili: kwenye jenereta yenyewe, na kwenye soketi ya jukwaani, muziki ukiwa unapiga. Jenereta ikibaki 230 huku jukwaani kukishuka hadi 200, mwizi ni waya ulioko katikati.

Hesabu yake ni rahisi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 100, ukibeba ampia 10 unapoteza karibu volti 15. Ampia 16 unapoteza zaidi ya 20. Na hapo tunazungumzia shaba halisi. Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba kwa juu. Ni mwepesi, bei yake tamu, na unapitisha umeme vibaya zaidi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, ni alumini. Waya wa namna hiyo uutumie kwa taa na kuchajia simu za mafundi, usiupe amplifaya.

Waya wa ziada usiuache umeviringwa kwenye roda wakati unabeba mzigo. Unapata joto, ganda linalainika, na siku moja utanusa kabla ya kuona. Utandaze chini ya jukwaa hata kama haupendezi.

Volti zikishuka kwenye jenereta yenyewe, tembea na waya wake uone nani mwingine amechomeka. Promota akikodi jenereta huwa anajiona ana TANESCO yake: friji za vinywaji, mashine ya bisi, taa za geti, hadi mchoma chipsi. Jenereta ya kVA 100 kwa kawaida inakupa kilowati 80, na haipendi fezi moja (mojawapo ya njia zake tatu za umeme) ibebe kila kitu huku nyingine mbili zikilala. Sauti ipewe fezi yake, taa fezi yake, na hao wengine wote wabanane kwenye ya tatu. Liandikwe kwenye makubaliano.

Dalili moja ya umeme haina mjadala. Ukiona baadhi ya taa zinang'aa kupita kiasi huku nyingine zikififia, zima kila kitu mara moja. Nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imelegea. Kwenye umeme wa fezi tatu, nyutro ikikatika, soketi ya volti 230 inaweza kupanda kuelekea 400, na amplifaya zilizochukua miaka kuzinunua zinaondoka kwa pamoja. Ndiyo maana nyutro inafungwa kwanza na kufunguliwa mwisho, na kila fezi inapimwa dhidi ya nyutro kabla plagi yoyote haijaingia. Fundi umeme wa ukumbi akikuambia "nimeshapima, broo", mshukuru, halafu upime.

Maiki inapiga mluzi

Mluzi unatokea maiki inaposikia spika kuliko inavyomsikia mtu. Ndiyo maana kukimbilia ikwalaiza, vile vitufe vya kupunguza au kuongeza masafa, ni kuanzia mwisho. Utaratibu ni: mahali, kisha geini (kiasi miksa inavyoikuza maiki), kisha idadi ya maiki, na ikwalaiza ikija ije kusafisha mabaki.

Mahali kwanza. Spika kubwa ziwe mbele ya mstari wa maiki, zisiwe nyuma yake. Jambo hili linaonekana la kitoto hadi ukutane na kamati ya harusi inayotaka spika zifichwe nyuma ya mapambo, pembeni ya maharusi. Waeleze mapema. Mpambaji akishamaliza kutundika vitambaa, hakuna mtu duniani atakayemhamisha.

Monita za jukwaani, yaani spika za mwimbaji kujisikia, zinafuata umbo la maiki, yaani pande inazosikia. Maiki ya kadioidi kama Shure SM58 haisikii vizuri nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita ikae moja kwa moja mbele ya mwimbaji, ikitazama mkia wa maiki. Beta 58A ni superkadioidi, yenye usikivu mwembamba zaidi. Yenyewe sehemu yake ya uziwi iko pembeni kidogo, karibu nyuzi 125 kutoka mbele, kwa hiyo monita moja iliyowekwa katikati itapiga mluzi mapema kuliko mbili zilizowekwa pembeni. Mafundi wengi wana maiki za aina zote mbili kwenye boksi moja na wanaziwekea monita kwa namna ileile.

Mwimbaji akifunika kichwa cha maiki kwa kiganja, umbo hilo linakufa na maiki inaanza kusikia pande zote. Wasanii wa kizazi kipya wanapenda mshiko huo, na hata wahubiri wameshaushika. Kwa msanii huwezi kusema kitu. Kwa mhubiri unaweza, kabla ya ibada, kwa adabu: "Mchungaji, naomba mkono ushike chini ya wavu, sauti yako itatoka nene zaidi." Ukimwambia itatoka nene, atashika. Ukimwambia inapiga mluzi, atasema ni mitambo yako.

Halafu idadi. Kila ukiongeza maradufu maiki zilizo wazi, unapoteza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za nafasi kabla ya mluzi. Kwaya iliyowekewa maiki nane zote wazi imekula desibeli 9 ikilinganishwa na maiki moja. Maiki tatu zilizosimama vizuri, na wanakwaya wakasogezwa karibu, zinashinda nane zilizotawanyika. Mwalimu wa kwaya atadhani unambania vifaa, mwache asikie.

Na kama chaneli zote zimepangwa sawa lakini maiki moja inapiga mluzi mapema kuliko wenzake, iangalie yenyewe. SM58 bandia zimejaa sokoni, nyingine zina boksi na kijimfuko kabisa. Ya kweli ina gramu 298. Ipime kwenye mzani wa dijitali wa duka lolote la vipodozi. Mara nyingi bandia inajisema hapohapo. Usiitupe, itafaa kwa matangazo ya "mwenye gari namba fulani aliondoe".

Kwenye harusi mluzi una sababu yake ya pekee: MC hakai. Anashuka, anakwenda meza kuu, anapita mbele ya spika akiwa ameinamisha maiki kama mwenge uliozimika. Kabla ya wageni kuingia, tembea na maiki yake njia zote atakazopita, ikiwa wazi. Pale inapoanza kulia ndipo pa kusogeza spika au kukata masafa. Kufanya hivyo ukumbi ukiwa mtupu ni ulinzi wa ziada, maana watu wakijaa miili yao inanyonya sauti na hali inakuwa nafuu.

Mbele wanaziba masikio, nyuma hawasikii

Spika ziko chini. Sauti kwenye uwanja wa wazi hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Aliyesimama mita 5 kutoka kwenye spika na aliye mita 40 wanatofautiana desibeli 18, na hata ukiongeza amplifaya tofauti hiyo haibadiliki. Mtu wa mbele ndiye anayezidi kuumia. Ukiinua spika mita kadhaa juu na kuziinamisha zitazame watu wa nyuma, umbali wa mtu wa mbele unaongezeka sana na wa mtu wa nyuma hauongezeki karibu hata kidogo. Stendi imara ni bei rahisi kuliko spika nyingine mbili.

Uwanja ukiwa mrefu, weka spika za pili katikati. Sauti ya hizo lazima icheleweshwe. Kwa joto la nyuzi 25 sauti inatembea karibu mita 346 kwa sekunde, hivyo spika iliyo mita 60 kutoka jukwaani inahitaji kucheleweshwa milisekunde 173 hivi. Ongeza kumi na kitu juu yake ili sikio liamini kwamba sauti inatoka jukwaani. Bila hivyo watu wa nyuma wanasikia kila neno mara mbili, na watakuambia "maneno hayaeleweki" huku kiasi cha sauti kikiwa kinatosha.

Besi imejaa katikati, pembeni hakuna kitu

Ukiweka boksi za besi kushoto na kulia kwa jukwaa, mawimbi yake yanaongezana katikati na kuuana sehemu nyingine. Zikusanye zote katikati, mbele ya jukwaa, kama nafasi inaruhusu. Besi itasambaa kwa usawa zaidi kwa boksi zilezile.

Kama besi ni hafifu kila mahali, fanya jaribio hili kabla hujakodi boksi za mtu: zima upande mmoja. Besi ikiongezeka baada ya kuzima, boksi moja imeunganishwa kinyume. Moja inasukuma hewa huku nyingine ikivuta. Fungua plagi, angalia chanya na hasi. Mara nyingi ni waya uliotengenezwa upya na mtu aliyekuwa na haraka.

Maiki zisizo na waya zinakatakata

Betri. Halafu antena. Halafu masafa. Ukifuata mpangilio huo utakuwa umemaliza kazi kabla ya kufika kwenye la tatu.

Betri mpya kila shoo, za alkalini, na zilizobaki na nusu ziende kwenye mazoezi. Antena zisijifiche nyuma ya raki ya amplifaya ambayo ni ukuta wa chuma. Ziinuliwe juu ya vichwa vya watu, pembeni ya jukwaa, zimuone mwimbaji. Mwili wa binadamu unaziba mawimbi haya vizuri sana. Ukumbi ukiwa mtupu maiki inafika hadi getini, ukijaa inakatika mita ishirini. Wengi huweka risiva (kipokezi cha maiki) kwenye miksa kwa sababu ndipo walipo wao. Iweke jukwaani, uvute waya wa sauti.

Masafa yanataka akili kidogo. Maiki nyingi za UHF (masafa ya redio) zinagawana anga na televisheni, kwa hiyo chaneli iliyokuwa safi Mwanza inaweza kuwa na kituo cha televisheni Bukoba. Skani upya kila mji. Na uskani kila kitu kikiwa kimewaka, hasa ukuta wa LED, maana baadhi yake humwaga kelele za redio hewani ambazo hutaziona ukiskani mchana ukuta ukiwa umezimwa. Maiki za zamani zilizo kwenye masafa ya 700 na 800 MHz, ambako simu za mkononi zimehamia, zitakusumbua kila penye umati, na umati ndio biashara yako.

Kosa la kupanga maiki kwa nafasi sawasawa ni maarufu: 600, 601, 602 MHz. Zinaonekana nadhifu. Lakini masafa mawili yakikutana huzaa mengine: 600 na 601 zinazaa 599 na 602, na hiyo 602 imeangukia maiki yako ya tatu. Acha risiva au programu ya mtengenezaji ikuchagulie.

Amplifaya inazima yenyewe baada ya saa moja

Joto. Fungua kichujio cha feni. Ukitoka Shinyanga utakuta vumbi jekundu limeganda kama blanketi. Ukitoka kwenye shoo ya pembezoni mwa ziwa utakuta wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kama moshi na kufuata taa, wamejaa na kukaukia humo. Safisha kwa hewa baada ya kila safari, siyo kila mwezi. Raki isiwekwe juani kwa ajili ya "kupata hewa".

Ikiwa haina joto lakini taa ya ulinzi inawaka, hesabu spika zilizoning'inizwa kwenye chaneli moja. Spika nne za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani) zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya nyingi hazitaki kushuka chini ya 4.

Twita (spika ndogo za sauti za juu) zinaungua kila mwezi

Ukibadilisha koili bila kuangalia taa nyekundu, utabadilisha tena. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na nguvu ya wastani inayofika kwenye koili inapanda kuliko ilivyoundwa kubeba. DJ akisikia sauti haitoshi anapandisha miksa yake hadi nyekundu, wewe unashusha yako, sauti inabaki ileile lakini sasa imekatwa tangu kwake. Weka limita (kizuizi cha kiwango cha sauti) kwenye prosesa na funguo zake uzijue wewe peke yako. Mwambie DJ asiguse nyekundu. Akikataa, limita ipo.

Miksa ya dijitali inayotoa "tik, tik" kila baada ya sekunde chache ni jambo dogo: saa za ndani za vifaa viwili, zinazopanga mwendo wa sauti ya dijitali, hazijafungwa pamoja. Kimoja kiwe mwenye saa, kingine kimfuate. Ikikata kabisa kwa dakika, angalia waya wa mtandao wa stejiboksi, hasa pale gari la vinywaji lilipoukanyaga.

Hakuna muda wa kupima sauti

Hii si hitilafu ya mitambo lakini inazaa zote za hapo juu. Muda unaliwa na safari. Kuelekea Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa inapanga ratiba yako. Ukerewe bado ni kivuko, kwa hiyo vyombo vinalala Nansio usiku mmoja kabla, na gharama ya kulala inaingia kwenye bei. Mteja akiiona kubwa, mwoneshe ratiba ya kivuko.

Kalenda imejaa, akaunti tupu

Chanzo cha kwanza ni bei isiyohesabu uchakavu. Tuseme seti yako ina thamani ya shilingi milioni 60, itadumu miaka mitano, na unafanya kazi 80 kwa mwaka. Hizo ni kazi 400, yaani kila ukifungua maboksi umekula shilingi 150,000 ya vifaa kabla hujalipa Canter, dizeli, vijana na chakula. Anayekodisha kwa laki tatu kwenda Geita hafanyi biashara, anauza spika zake polepole. Kushindana naye kwa bei ni kujiunga naye.

Chanzo cha pili ni msimu. Harusi zinajaa baada ya mavuno na Desemba. Kwaresima na Ramadhani simu inanyamaza. Fedha za miezi minono zigawiwe kwa mwaka mzima siku zinapoingia, maana zikishaonekana mezani kila mtu ana tatizo.

Chanzo cha tatu ni promota anayeyeyuka. Dalili zake zinajulikana mapema: advansi inakuja nusunusu, namba ya simu inabadilika, bango limetoka kabla hajalipia uwanja. Utaratibu unaofanya kazi ni nusu kabla gari halijawashwa, na nusu nyingine kabla mageti hayajafunguliwa. Baada ya wimbo wa mwisho huna tena cha kumzuilia. Kibali cha polisi na cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) akuoneshe mwenyewe, nakala ikae kwenye simu yako, pamoja na saa ya kuzima muziki. Maafisa wakija kwa sababu ya kelele, vyombo vitakavyobebwa ni vyako, si bango lake.

Na ukilipwa na kampuni au taasisi ukakuta pungufu ya asilimia 5, usianze ugomvi. Hiyo ni kodi ya zuio kwenye huduma. Ulichopaswa kudai ni cheti chake, kwa sababu kinapunguza kodi yako mwisho wa mwaka. Wengi hawakidai, na wanalipa mara mbili bila kujua.

Vifaa vinapungua, na mafundi wamepoa

Kabla ya kumshuku mtu, angalia mnavyopakia. Saa nane usiku, kila mtu amechoka, wahudumu wa ukumbi wanakunja viti na waya wenu umo ndani yake. Orodha ibandikwe ndani ya kifuniko cha kila boksi, na boksi lisifungwe hadi anayelifunga asome orodha kwa sauti. Tepu ya rangi yenu kila mwisho wa waya. Vyombo vikichanganyika na vya kampuni nyingine jukwaani, rangi inamaliza ubishi.

Fundi akianza kuchelewa Jumatatu na kujua bei za soko kuliko wewe, huenda ana kazi za pembeni, labda kwa maiki zako. Muulize moja kwa moja. Mara nyingi utasikia kwamba posho ya safari haijaongezeka tangu dizeli ilipokuwa rahisi, au kwamba analipwa siku ya shoo tu wakati kupakia na kushusha kunamla siku nyingine mbili. Kumkodishia rasmi seti ndogo kwa kazi zake za mtaani kunagharimu kidogo kuliko kumfundisha mpya.

Na waya mbovu usirudi kwenye boksi la wazima. Unaufunga fundo hapohapo jukwaani, hata kwenye giza mkono utalihisi, na unaandika kwenye tepu ulichosikia: "unakwaruza ukiupinda karibu na jeki". Jumatatu anayeshika risasi ya kuchomea anajua pa kuanzia, na fundo linafunguliwa na yeye tu, akishaupima.